Zoom H4n Pro kwa mtunzi anayejirekodi Dodoma: mashine ya zamani kidogo, kazi bado inayo

Hukumu ije kwanza, maana wengi husoma mistari michache tu kabla ya kwenda dukani. Kama unatunga, unaimba na unapiga gitaa au ilimba (ala ya Kigogo ya vyuma vinavyopigwa kwa vidole) mwenyewe, huna prodyuza wala lebo, na unaishi Dodoma ambako umeme na ukimya ni nadra kukutana saa moja, kinasa sauti cha Zoom H4n Pro bado kinafaa kununuliwa. Kama una kompyuta nzuri na chumba kilichotulia, achana nacho. Fedha hiyo hiyo iweke kwenye kadi ya sauti ya USB na maiki moja nzuri ya kondensa, utapata sauti safi kuliko hii.

H4n Pro ilitoka 2016, ikiwa marekebisho ya H4n ya 2009. Ina maiki mbili juu zilizopishana, ambazo unaweza kuzizungusha kwa mkono zikatanuka kutoka nyuzi 90 hadi 120. Chini ina viingilio viwili vinavyopokea waya wa maiki wa pini tatu au jeki kubwa ya gitaa, na inatoa umeme wa volti 48 kwa maiki za kondensa. Inarekodi hadi biti 24 kwa kiloherzi 96. Hayo yote siku hizi yamo hata kwenye vinasa vya bei ya chini. Kinachoifanya ijadiliwe bado ni ile hali iitwayo MTR, inayoigeuza kuwa studio ya traki nne isiyohitaji kompyuta. Unarekodi gitaa, unalisikiliza huku ukiimba juu yake, unaongeza ilimba, unaongeza kiitikio, yote kwa betri mbili za AA.

Muziki wa indi-foki, yaani ule wa sauti na gitaa wa watunzi wanaojitegemea, umekua kwenye traki nne. Sam Beam wa Marekani, anayejulikana kwa jina la Iron & Wine, alirekodi albamu yake ya kwanza ya 2002 nyumbani kwa mashine ya namna hiyo, huku akifundisha mambo ya filamu chuoni. Justin Vernon wa Bon Iver alijifungia katika kibanda cha baba yake Wisconsin majira ya baridi ya 2006 kuingia 2007, akatoka na nyimbo ambazo kwanza alizitoa mwenyewe, lebo ikaja baadaye. Hapa kwetu sauti moja na chombo kimoja ni jambo la zamani kuliko neno indi. Marehemu Hukwe Zawose, Mgogo aliyefundisha Chuo cha Sanaa Bagamoyo na kufariki 2003, aliwafikia wasikilizaji wa Ulaya kwa koo lake, ilimba na zeze. Traki nne zinautosha muziki wa aina hii. Anayetaka singeli au bongo fleva ya ala thelathini aende studio.

Bei sitaiandika kwa tarakimu, maana inapanda na kushuka na dola, na kati ya duka na duka Kariakoo tofauti ni kubwa. Dodoma mjini maduka ya vyombo vya muziki huuza zaidi spika, mikisa na maiki za kanisani. Kinasa cha namna hii mara nyingi kinaagizwa Dar es Salaam na kuja kwa basi au na mtu anayepanda treni ya SGR. Kwa hiyo yafaa aliye Dar akikague kabla hakijafungwa, hasa kama ni mtumba. Kwanza asome jina kwenye bodi: bila neno Pro, hiyo ni H4n ya 2009, ambayo maiki zake za ndani na viingilio vyake vina mchuzo (ule mlio wa shhh nyuma ya sauti) mkubwa zaidi, na haistahili bei ya Pro. Afungue mlango wa betri aangalie kama springi zina ukungu wa kijani au mweupe. Hiyo ni betri iliyovuja, na mashine ya hivyo itazima katikati ya wimbo. Achomeke hedifoni na kuizungusha jeki polepole. Sauti ikikatika upande mmoja, tundu limelegea. Arekodi sekunde ishirini kwa maiki za juu, kisha sekunde ishirini kwa kila kiingilio kikiwa na maiki na waya, asikilize zote. Mwisho achomeke waya wa USB. Tundu lake ni la mini-USB, lile la zamani, na kwenye mitumba huwa limechoka.

Kadi ndiyo inayowaangusha wengi siku ya kwanza. H4n Pro inapokea kadi kubwa ya SD, mwisho gigabaiti 32. Ukinunua ya 64 kwa kuwa ndiyo iliyopo dukani, mashine haitaikubali, na utadhani umeuziwa kimeo. Kadi ndogo ya simu ndani ya adapta inafanya kazi, ila adapta za bei ya chini hulegea zikitikiswa. Fomati kadi ndani ya mashine yenyewe, usifanyie kwenye kompyuta. Hesabu ya nafasi ni nyepesi: stereo ya biti 24 kwa kiloherzi 48 inakula takriban gigabaiti moja kwa saa, hivyo kadi ya 32 inakupa kama saa thelathini. Ile ya biti 16 kwa kiloherzi 44.1 inakula megabaiti kama 10 kwa dakika. Jambo moja la kuzoea: kadi ikiwa kubwa na imejaa, mashine inachelewa kuwaka. Usingoje melodi ikujie ndipo uiwashe. Simu ikamate wazo, mashine ikamate wimbo.

Sasa kitufe cha REC. Ukikibonyeza mara moja taa nyekundu inamemeta, namba za kiwango cha sauti zinacheza, hedifoni zinasikika, na hakuna kinachorekodiwa. Hiyo ni hali ya kusubiri, kwa ajili ya kupanga kiwango. Kubonyeza mara ya pili ndiko kunakoanza kurekodi: taa inatulia na saa ya skrini inaanza kuhesabu. Tazama saa, taa usiiamini. Kumaliza ni kwa kitufe cha STOP tu. Ukichomoa betri au umeme ukikatika kabla ya STOP, faili haijafungwa na huenda usiione tena. Swichi ya kuwashia ukiisukuma upande wa HOLD inafunga vitufe vyote. Itumie mashine ikiwa mfukoni, na ikumbuke pale itakapoonekana imekufa huku skrini inawaka.

Kiwango cha kurekodi kinapangwa kwa vitufe vya REC LEVEL upande wa kulia. Imba sehemu ya wimbo yenye sauti kubwa kuliko zote, si ubeti wa kwanza wa kunong'ona, na upange kilele kigonge karibu na desibeli -12. Ukiona taa ya kupasuka hata mara moja, punguza. Sauti iliyopasuka kwenye mashine hii haiponi. Zoom wenyewe walitoa H4essential mwaka 2024, inayorekodi kwa biti 32 za aina ya float, na huko suala la kupanga kiwango limeondoka kabisa. Anayerekodi zaidi matukio ya nje, harusi, mahojiano na ngoma za kijijini ambazo huwezi kuomba zirudiwe, aiangalie hiyo kwanza.

Chumba ndicho kitakachoamua sauti yako kuliko mashine. Nyumba nyingi za Nkuhungu, Chang'ombe au Ipagala zina kuta za tofali zilizopigwa plasta, sakafu ya saruji au vigae, na bati juu, pengine bila silibodi. Piga kofi moja katikati ya chumba. Ukisikia mlio mkali unaotetemeka kati ya kuta mbili zinazotazamana, maiki nayo itausikia, na hakuna programu inayouondoa vizuri. Kanga zilizotundikwa ukutani hazisaidii kitu, ni nyembamba mno. Kinachofanya kazi ni uzito na nafasi: godoro limesimamishwa nyuma ya mwimbaji, blanketi mbili nzito zimening'inizwa pembeni kama sentimita kumi kutoka ukutani, na kitanda chenye matandiko kibaki chumbani. Usikae katikati kabisa ya chumba wala pembeni kabisa. Kona huvimbisha besi. Chumba cha kulala kilichojaa nguo kinakishinda chumba kitupu chenye trei za mayai ukutani. Hizo trei za mayai ni mapambo tu.

Bati lina tabia yake. Asubuhi jua likipanda na jioni likishuka, bati hutanuka na kusinyaa, likatoa milio ya tak-tak ambayo sikio limeizoea hadi haliisikii, lakini maiki inaihesabu yote. Mvua za Desemba hadi Aprili zikinyesha, zima mashine, hakuna rekodi siku hiyo. Kiangazi ndicho kizuri, ila kinakuja na upepo. Kuanzia Juni hadi Oktoba upepo wa Dodoma unaingia kwenye kila upenyo wa dirisha, na maiki za juu za H4n Pro ni dhaifu mbele ya upepo. Sponji nyeusi ya kuvalisha inatosha kwa pumzi ya mwimbaji na hewa ya feni iliyo mbali. Nje, Chamwino au Bahi saa tisa alasiri, sponji haizuii kitu. Unahitaji kifuniko cha manyoya. Ndani, funga dirisha, zima feni na friji, na washa kichujio cha besi kwenye menyu ukianzia Hz 80. Saa zenye utulivu ni kati ya saa saba na saa kumi usiku, kabla ya adhana ya alfajiri na kabla bodaboda hazijaanza kuwahi abiria. Usiku wa Julai una baridi, nyuzi za gitaa zitabadilika ukilitoa chumba kingine, kwa hiyo lipe dakika ishirini lizoee ndipo ulituni.

Kuhusu gitaa lenyewe, ukame wa hapa unaliumiza. Magitaa ya mbao huishi vizuri kwenye unyevu wa asilimia 45 hadi 55, na kiangazi cha Dodoma kinashuka chini ya hapo. Dalili ya kwanza ni ncha za freti kuchoma kidole pembeni ya shingo, maana mbao imesinyaa na chuma hakijasinyaa. Ikifuata nyufa kwenye uso wa gitaa, umechelewa. Weka sponji yenye maji, iliyokamuliwa vizuri, ndani ya kisanduku cha sabuni kilichotobolewa, kikae ndani ya begi la gitaa pamoja nalo, na begi lifungwe. Rudia kila inapokauka. Gitaa lililoning'inizwa ukutani linapendeza kwenye picha, lakini Agosti ya Dodoma litalipa.

Kuweka mashine: ina tundu la skrubu nyuma linaloingia kwenye stendi ya kawaida ya kamera. Usiishike mkononi na usiiweke mezani, kwa sababu bodi yake ni nyepesi na kila mguso unaingia kwenye rekodi kama ngurumo. Kwa gitaa peke yake, iweke sentimita 30 kutoka freti ya kumi na mbili, ikielekea pale shingo inapokutana na bodi. Ukiielekeza kwenye tundu la gitaa utapata mvumo mzito unaomeza kila kitu. Hewa ya ndani ya bodi ina mlio wake wa chini, karibu Hz 100, na hapo ndipo inapotokea. Kwa sauti peke yake, sentimita 15 hadi 20, mashine ikae kidogo pembeni ya mdomo ili herufi P na B zipite bila kupiga maiki. Kwa sauti na gitaa kwa pamoja, ambayo ndiyo njia ya kweli ya muziki huu, anza nusu mita, usawa wa kifua, maiki kwenye nyuzi 90. Gitaa likizidi, inua mashine na uiinamishe kuelekea mdomo; sauti ikizidi, ishushe. Mizani ipatikane kwa kuhamisha mashine, maana ukisharekodi viwili pamoja huwezi kuvitenganisha.

Hapo ndipo MTR inapokuja. Unaichagua kwenye menyu, unafungua mradi mpya, unachagua traki. Inarekodi kwa biti 16 na kiloherzi 44.1 tu. Wengine hulalamikia hilo, lakini wimbo wa sauti na gitaa uliopangwa kiwango vizuri haupungukiwi na chochote hapo, na hicho ndicho kipimo cha CD. Mpango unaofanya kazi ni huu. Traki ya kwanza weka chombo kisichoweza kubadilishwa tuni haraka, au kile kinachobeba mwendo wa wimbo. Ya pili sauti kuu. Ya tatu chombo cha pili. Ya nne kiitikio. Metronomu imo ndani, isikilize kwa hedifoni za kufunika sikio. Zile za kuchomeka zilizo wazi zinavujisha mlio, na utausikia nyuma ya sauti yako milele. Ukihitaji nafasi zaidi, unaunganisha traki kuwa moja au mbili, kisha unafuta za mwanzo. Kabla ya kuunganisha, toa kadi na nakili mradi mzima kwenye kompyuta ya mtu yeyote, maana kiitikio kikishachanganywa na gitaa hakitoki tena. Athari za ndani, yaani mwangwi, kompresa na mifano ya ampu za gitaa, zipo nyingi na zinachekesha kwa dakika kumi. Zisirekodiwe ndani ya traki. Mwangwi unaongezwa mwishoni.

Kwa wanaochanganya gitaa na ilimba kuna tatizo ambalo mashine haitakwambia. Ina tuna ya kromatiki, nayo ni sahihi kwa gitaa. Kwa ilimba ya Kigogo itakudanganya. Tuni ya Kigogo inafuata ngazi ya asili ya milio inayozaliwa juu ya mlio mmoja wa msingi. Tuseme msingi ni Hz 100. Juu yake kuna 400, 500, 600, 700, 800, 900, na nyimbo za Kigogo hukaa humo. Gitaa limegawanywa nusu toni sawasawa, kila moja senti 100. Mlio wa saba wa ngazi ya asili uko senti 31 chini ya noti ya gitaa iliyo karibu nayo, wa tano uko senti 14 chini, wa tisa uko senti 4 juu. Ukiona sindano ya tuna inasema ilimba imeshuka, usichukue nyundo kusogeza chuma. Mpigaji aliyeituni yuko sahihi. Badilisha gitaa: lituni wazi kwa G, yaani D G D G B D, shusha nyuzi ya B kwa senti 14, halafu gitaa zima lipandishe au lishushe likutane na msingi wa ilimba. Piga nyuzi wazi, epuka kubana noti ya tatu na ya saba kwa vidole, ziachie ilimba na koo. Ukikaidi, utasikia mawimbi ya wa-wa-wa kati ya vyombo viwili, na watu watasema rekodi ni mbovu ilhali kilichogongana ni tuni.

Ilimba pia ina mlio wa kuvuma unaotoka kwenye utando wa buibui uliobandikwa juu ya matundu ya sanduku. Ni sehemu ya sauti yake, wala usiusafishe. Weka mashine sentimita 40 juu yake, imeinama, ili kishindo cha kidole juu ya chuma kisipasue. Zeze ni laini zaidi, lisogelee. Ngoma za muheme zinapigwa kwa nguvu lakini maiki za ndani zinahimili hadi desibeli 140, hivyo tatizo haliko kwenye maiki bali kwenye REC LEVEL uliyoisahau juu tangu jana ulipokuwa unarekodi sauti ya kunong'ona.

Viingilio vya chini vina nguvu ya wastani. Maiki za kawaida za jukwaani kama Shure SM58 zinafanya kazi ukiwa karibu na ukipandisha kiwango hadi karibu na mwisho. Maiki zenye mlio mdogo kama SM7B zinahitaji ongezeko la kama desibeli 60, na hapo H4n Pro inatoa mchuzo ambao wimbo mtulivu hauwezi kuuficha. Maiki ya kondensa yenye volti 48 ndiyo inayoendana nayo. Kwenye onyesho, wengi huchomeka mikisa ya ukumbi moja kwa moja na kupata sauti iliyopasuka hata REC LEVEL ikiwa chini ya 10. Tatizo hilo linatokea kabla ya REC LEVEL: mikisa inatoa ishara kubwa kuliko kiingilio kinavyobeba. Mwombe fundi ashushe sauti ya njia hiyo kwenye mikisa, na uhakikishe volti 48 zimezimwa, maana hazitakiwi kurudi ndani ya mikisa. Tumia hali ya 4CH, ambayo inarekodi mikisa na maiki za juu kwa wakati mmoja. Faili zitatoka mbili, moja ikiishia na herufi I kwa viingilio na nyingine na M kwa maiki za mashine. Ukizichanganya nyumbani unapata sauti safi ya mikisa pamoja na makofi na uhai wa ukumbi. Kwa mwimbaji asiye na meneja, rekodi ya namna hiyo ya onyesho moja zuri ndiyo inayompatia onyesho linalofuata.

Betri zinadumu kama saa sita kwa matumizi ya kawaida. Volti 48 zikiwashwa muda unapungua sana. Betri za kaboni za bei ya chini hazifai, zinakufa kabla hujamaliza kupanga kiwango. Nunua nne za kuchajiwa za NiMH na chaja, mbili ziwe kazini, mbili zikichajiwa, na kwenye menyu badilisha aina ya betri iwe NiMH, la sivyo kipimo cha skrini kitadanganya. Inapokea pia adapta ya volti 5, lakini umeme wa ukutani mara nyingine unaleta mvumo kwenye hedifoni. Usiku wa kurekodi, betri ni salama zaidi. Kama haitumiki kwa wiki nzima, zitoe. Zikikaa nje muda mrefu saa ya ndani hurudi mwanzo, irekebishe, kwa sababu tarehe ya faili ni ushahidi mdogo wa siku uliyorekodi.

Kadi ikishajaa, kazi inahamia kwenye programu. Audacity ni ya bure, na Reaper ina majaribio ya siku 60 kabla ya kudai leseni. Mchanganyiko wa mwisho usiukandamize ukakaza kama tangazo la redio. Spotify, iliyoingia Tanzania 2021, husawazisha nyimbo karibu na LUFS -14 (kipimo cha ukubwa wa sauti), hivyo wimbo uliokandamizwa unashushwa tu na kubaki bila pumzi. Toa WAV ya biti 16, kiloherzi 44.1, na picha ya jalada yenye pikseli 3000 kwa 3000. Msambazaji wa mtandaoni atakupa namba ya ISRC, yaani utambulisho wa rekodi, ya kila wimbo, iandike daftarini. Sajili kazi COSOTA, ofisi ya hakimiliki, kabla haijatoka, na wewe mwenyewe ujisajili BASATA, baraza la sanaa. Fahamu pia kwamba tangu 2024 Spotify hailipi wimbo ambao haujafikisha usikilizwaji 1,000 ndani ya miezi 12, kwa hiyo kutoa wimbo mmoja na kuusukuma kuna maana kuliko kumwaga kumi kwa mpigo.

Mapungufu yanayobaki ni ya umri. Skrini ni ndogo na menyu zake zimefichwa, kitabu cha maelekezo kitahitajika wiki ya kwanza. Haina njia ya kuhamisha faili bila waya. Ikiunganishwa na kompyuta kama kadi ya sauti inaishia njia mbili kwa biti 16, hivyo usiinunue kwa sababu hiyo. Vumbi la Dodoma linaingia kwenye wavu wa maiki na kwenye gurudumu la pembeni. Irudishe kwenye kasha lake kila baada ya kazi, na usiipulize kwa mdomo kwa sababu mate yanaganda pamoja na vumbi. Brashi laini ya rangi, mpya, isiyowahi kuguswa na rangi, inatosha.